Nani Ana Nini, Nani Anatafuta Nini

Usiku wa Jumatano, tarehe 5 Machi 1975, mvua ikinyesha, watu 32 walikusanyika katika gereji ya nyumba moja mjini Menlo Park, California. Gereji hii si ile ya mafundi magari tuliyoizoea. Ni banda la kulaza gari lililoshikamana na nyumba. Mwenye nyumba alikuwa mhandisi aitwaye Gordon French. Kilichowakutanisha ni sanduku la chuma lenye safu za swichi na taa nyekundu usoni, lisilo na kibodi wala skrini. Liliitwa Altair 8800, na lilikuwa kompyuta.

Niliwafikia watu hawa nikiwa natafuta kitu kingine. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu marufuku ya kompyuta nchini Tanzania. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye serikali ikajaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine, kazi ikaenda mrama, na mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake bila kibali maalumu. Nikiwasimulia wenzangu huwa wanacheka, kana kwamba wazee wetu walikimbia kivuli chao. Nilitaka kujua neno "kompyuta" lilimaanisha nini mwaka ule machoni pa aliyeipiga marufuku. Jibu lilikuwa rahisi: mashine kubwa ya serikali, benki au chuo kikuu, inayonunuliwa kwa fedha za kigeni na kutunzwa na wataalamu. Hata Marekani, mwalimu au karani wa kawaida hakuwa nayo nyumbani.

Halafu likatoka toleo la Januari 1975 la jarida la Popular Electronics, Altair ikiwa kwenye jalada, kwa bei isiyofika dola 400, ikiwa vipande vya kuunganisha mwenyewe. Sisi tulikuwa ndiyo kwanza tumefunga mlango, na upande wa pili wa dunia kitu kilichokuwa nje ya mlango ule kikaanza kubadilika.

Nikaanza kusoma vijarida vya kikundi kile cha gerejini. Walijiita Homebrew Computer Club, jina lenye harufu ya pombe inayopikwa nyumbani. Nilikusudia kuvisoma jioni moja. Nimekaa navyo wiki kadhaa. Kilichonishika si jinsi klabu ilivyoanza, maana hadithi hiyo imesimuliwa mno, hasa na waliotajirika kwayo. Kilichonishika ni jinsi ilivyokwisha.

*

Kwanza tuone kwa nini walihitajiana. Altair ilikuja kwa posta, vipande ndani ya mifuko. Mnunuzi alikaa siku kadhaa akilehemu viungo kimoja baada ya kingine, na akikosea kimoja tu, mashine haiamki. Akipatia, taa zinawaka, na hapo ndipo anapogundua kwamba hana cha kufanya nayo. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256, ambayo haitoshi kuhifadhi hata aya hii unayoisoma. Programu iliingizwa kwa kuinua na kushusha swichi, baiti kwa baiti, na umeme ukikatika yote yanafutika. Kampuni iliyoitengeneza, MITS, ilikuwa Albuquerque, mbali, imeelemewa na oda. Hapakuwa na duka la programu. Kilichokuwepo ni mtu mwingine wa mtaa wa pili aliyenunua sanduku lilelile na kukwama mahali tofauti.

Mtu aliyeelewa jambo hilo mapema hakuwa mhandisi. Fred Moore alikuwa mwanaharakati wa amani, na ndiye aliyeitisha mkutano ule pamoja na French. Alikuwa akikusanya kadi zenye majina ya watu, kila kadi ikionyesha mtu huyo anajua nini na anapenda nini, ili aweze kuwaunganisha. Kompyuta ilimvutia kwa sababu aliona ingeweza kumpangia kadi zake. Hili nililisoma mara mbili. Wengine gerejini walitafuta watu ili wapate kompyuta; yeye alitafuta kompyuta ili apate watu.

Klabu ilipokua ikahamia ukumbi wa maabara ya fizikia ya SLAC, huko Stanford, na mikutano ikaanza kuhudhuriwa na mamia. Aliyeiendesha ni Lee Felsenstein, mhandisi kutoka Berkeley, na utaratibu wake ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza watu waliinuka mmoja mmoja na kusema kwa ufupi: nina hiki, natafuta kile, nimesikia tetesi hii, nimekwama pale. Hakuna hotuba. Msikilizaji alikariri sura ya yule aliyetaja kitu anachokihitaji. Kisha kikao kilivunjwa makusudi, watu wakasambaa ukumbini kutafutana. Michoro ilibadilishana mikono, na vipuri pia. Mmoja wa wauzaji wa vipuri hivyo, Marty Spergel, walimpa jina la utani ambalo kwetu lingekuwa "mtu wa skrepa". Baada ya hapo wengi walihamia baa moja ya Menlo Park iitwayo The Oasis, wakaendelea mpaka usiku wa manane.

Katika moja ya mikutano ya mwanzo, mwanachama aitwaye Steve Dompier alikuja na Altair yake na redio ndogo. Alikuwa amegundua kwamba mashine ikifanya kazi, redio iliyo karibu hukoroma, na kwamba mkoromo ule hubadilika kulingana na programu. Akakaa, akaingiza programu kwa swichi, na redio ikaimba wimbo wa The Beatles. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mashine ile haikutengenezwa kutoa sauti. Sauti ilikuwa hitilafu, na mtu mmoja mtundu akaigeuza muziki. Kwetu neno "mtundu" lina maana mbili: mtoto msumbufu, na mtu anayefungua kila kitu ajue kilivyo ndani. Sijapata neno bora la kuwaita watu wa klabu ile.

*

Wengi wetu tukiulizwa nini kiliviua vikundi vya namna hii, tunajibu haraka: intaneti. Hata mimi niliandika hivyo katika rasimu yangu ya kwanza. Tarehe zinakataa. Homebrew ilifanya mkutano wake wa mwisho Desemba 1986, miaka mitano kabla tovuti hazijafunguliwa kwa umma. Intaneti ilizika, ugonjwa ulianza zamani, na dalili zake zinaonekana tangu mwaka wa kwanza.

Dalili ya kwanza ni utepe. Mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen waliiandikia Altair lugha ya BASIC, iliyomwezesha mtu kuamrisha mashine kwa maneno badala ya swichi. Programu ilihifadhiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Katika maonyesho ya MITS kwenye hoteli moja mjini Palo Alto, utepe mmoja ukaondoka na mtu. Muda si mrefu mwanachama mmoja akaja mkutanini na sanduku la nakala, akizigawa bure kwa sharti moja: ukichukua mmoja, uje na nakala mbili mkutano ujao.

Februari 1976 Gates, akiwa na miaka 20, aliwaandikia wapenzi wote wa kompyuta barua ya wazi, nayo ikachapishwa hata katika kijarida cha klabu. Aliwaambia wazi kwamba wengi wao wanaiba. Alidai kwamba wamiliki wa Altair walionunua BASIC hawafiki asilimia 10, na kwamba ukigawanya mapato kwa saa walizofanya kazi, kila saa ilikuwa na thamani chini ya dola 2. Nimeshaifundisha barua hii katika semina, na kila mara darasa hugawanyika katikati. Wenye ndoto ya kuuza programu zao wako upande wa Gates. Waliosoma kwa programu za kunakili, yaani karibu sote, wananyamaza kwanza. Mimi naona wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo palipo ufa. Utepe ulikuwa zawadi kwa wanaokutana, na ulikuwa mshahara wa mtu asiyekuwepo mkutanini. Klabu haikuwa na njia ya kuuita kwa majina yote mawili.

Dalili ya pili imo katika hadithi ambayo kila mtu anaijua nusu. Steve Wozniak, aliyekuwa mwajiriwa wa Hewlett-Packard, alikuwepo gerejini usiku ule wa mvua. Alibuni kompyuta yake na kugawa michoro kwa wanachama bure. Mwingine alimsaidia hata kuunganisha. Rafiki yake Steve Jobs ndiye aliyeona kwamba watu wanataka mchoro lakini hawana muda wa kuujenga. Wakaenda kwa Paul Terrell, mwenye duka la Byte Shop mjini Mountain View. Terrell akaagiza 50, kwa dola 500 kila moja, na akatia sharti: ziwe zimeshaunganishwa. Alichoka na wateja waliorudi dukani na vipande visivyowaka.

Sharti hilo ni dogo na la busara. Lakini mtu anayenunua bodi iliyokwisha kuunganishwa hana haja ya kuinuka ukumbini na kusema amekwama. Mwaka 1977 zikatoka Apple II, Commodore PET na TRS-80. Kwa dola 600 mtu aliingia duka la Radio Shack akatoka na kompyuta na skrini yake, akaichomeka ukutani, ikawaka.

Dalili ya tatu ilitokea ndani ya watu wenyewe. Zaidi ya kampuni 20 zilichipuka kutoka katika klabu ile. Mwaka 1975 mtu aliinuka akasema, nimekwama hapa, nani anajua? Baada ya miaka mitatu mtu huyo ana wafanyakazi na washindani, na pale alipokwama ni siri ya biashara. Anaendelea kuja, anakaa nyuma, anasikiliza. Mkutano wa kusema nina nini na natafuta nini hauwezi kudumu ikiwa wenye vingi wamefungwa midomo. Na Moore alikuwa ameshaondoka, ndani ya mwaka uleule wa kwanza.

*

Vikundi vilivyofuata vilikuwa vya namna nyingine. Boston Computer Society ilianzishwa mwaka 1977 na Jonathan Rotenberg, mtoto wa miaka 13, na ikakua hadi kupita wanachama 30,000. Hawa hawakujenga mashine. Walizinunua, kisha wakahitaji mtu wa kuwaeleza jinsi ya kuzitumia. Mwanachama alilipa ada, akapata jarida, mikutano, na watu wa kuwauliza. Januari 1984 Jobs mwenyewe alikwenda kuwaonyesha Macintosh, siku chache tu baada ya uzinduzi wake. Huko Berkeley, mwaka huohuo, kikaanzishwa kikundi cha watumiaji wa Macintosh, BMUG, ambacho kijarida chake kilikuwa kinene kama kitabu.

Hivi vilikuwa na fedha, ofisi na wafanyakazi, na bado vikafa. Boston ilifungwa mwaka 1996, Berkeley mwaka 2000. Kila walichokiuza kilipata muuzaji mwingine: maelezo yakaja ndani ya programu, msaada ukawa namba ya simu ya kampuni, habari zikajaa kwenye majarida, na mwishowe vyote vikamiminika kwenye intaneti. Ada ya mwanachama ilikuwa bei ya kukosa pa kwenda kwingine. Pakipatikana kwingine, nani alipe?

Masoko yalikwenda njia hiyohiyo, ila kwa sababu iliyomo ndani ya bodi yenyewe. Mwaka 1976 lilianza tamasha la kompyuta la Trenton, New Jersey, lenye gulio la nje ambapo watu walitandaza vipuri mezani na kwenye buti za magari. California nako kulikuwa na gulio la elektroniki katika maegesho ya chuo, na wajuzi walifika alfajiri na tochi kabla vitu vizuri havijachukuliwa. Magulio haya yaliwezekana kwa sababu chipu za wakati ule zilikuwa na miguu kama ya jongoo, zikakaa katika vishikizo. Ungeweza kuing'oa moja kwa bisibisi, ukaitia mfukoni, ukaiuza kwa mtu ukamwambia ilikotoka. Polepole chipu zikapungua ukubwa, miguu ikafupika, zikaanza kugandishwa juu ya bodi na mashine za kiwandani. Kipuri kikaacha kuwa kitu cha kushika. Heathkit, kampuni iliyokuwa maarufu kwa vifaa vya kuunganisha mwenyewe, iliacha kuviuza mwaka 1992. Jarida la Byte, lililoanza mwaka uleule wa gereji, lilikoma mwaka 1998. Mwaka 2018 ghala la Weird Stuff la Sunnyvale, lililojaa mitumba ya kompyuta, lilifungwa baada ya jengo lake kununuliwa na Google. Baa ya The Oasis nayo ilifungwa mwaka huo.

*

Sitaki kupamba gereji ile kuliko ilivyokuwa. Waliokuwemo karibu wote walikuwa wanaume, wengi wenye ujuzi wa uhandisi, wenye magari ya kuwafikisha huko usiku na dola mia kadhaa za kuchezea. Nikijiweka pale mlangoni na mwavuli wangu, sijui kama ningepata kiti. Kompyuta iliyofungwa skrubu, inayowaka bila maswali, ndiyo iliyomfikia mama yangu, na kwa hiyo ikanifikia mimi. Aliyepoteza kwa klabu kufa si yuleyule aliyefaidika, na mwanahistoria anayelia upande mmoja tu hajafanya kazi yake.

Hata hivyo nina la kwangu. Marufuku yetu yalilegezwa miaka iliyofuata, na kompyuta zilipojaa kwetu zilikuwa zimeshapita enzi ya kuhitajiana. Ila sekondari yetu ilikuwa na chumba chenye mitumba sita ya kompyuta, nne zikiwa zinawaka kwa zamu, na uhaba ukaturudisha 1975 kwa mlango wa nyuma. Tulikuwa na klabu. Mashine ikigoma, dada mmoja wa kidato cha sita alizima umeme, akafungua kifuniko, akachomoa kibao cha kumbukumbu, akakisugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa penseli, akakirudisha. Mara nyingi ilikubali. Tulimwita Dada Fundi. Mtu alimfundisha yeye, akatufundisha sisi, na nikawafundisha wawili walionifuata. Mlolongo wote ule ulisafiri ndani ya kipande cha ufutio.

Mwezi uliopita kompyuta yangu ya mkononi ilikataa kuwaka, rasimu ya sura ya pili ikiwa ndani. Nilinunua bisibisi ndogo, nikafungua, ufutio nikiwa nimeuweka mezani. Hapakuwa na cha kuchomoa. Kumbukumbu ilikuwa imegandishwa kwenye bodi, nyeusi, bapa, haina meno. Nikauliza kwenye kundi la WhatsApp la wanaklabu wa zamani, ambako ujumbe wa mwisho ulikuwa wa kumtakia mtu heri ya kuzaliwa. Jibu lilikuja baada ya dakika nne, kiungo cha duka la mtandaoni. Nilishukuru. Lilikuwa jibu sahihi, na halikumhitaji yeyote kati yetu ajue mwenzake amefikia wapi maishani.

Siku mbili baadaye niliandika tena. Nikasema: nina bisibisi, nina vijarida vya watu fulani wa California, nina sura moja iliyopotea, natafuta anayejua kutoa data kwenye diski, na natafuta habari za Dada Fundi, maana nimegundua sijui yuko wapi. Jumamosi saa nne, chini ya mwembe, nyuma ya maktaba.

Watatu wamejibu kwamba watakuja. Mmoja ameuliza ajenda ni nini.